Mtoto Akiingia Kidato cha Kwanza, Maktaba Humpoteza

Kwa miaka sita nimejitolea kuendesha kipindi cha watoto cha Jumamosi katika maktaba moja ya mkoa hapa Tanzania, na kila mwaka, ifikapo Januari, hunipata huzuni ileile. Watoto waliokuwa wakigombania nafasi ya mbele mkekani, ambao wamezihifadhi hadithi zetu kiasi cha kunisahihisha nikiruka sentensi, huingia kidato cha kwanza na hatuwaoni tena. Wakirudi huwa wamefika kidato cha nne, wamebeba mabegi ya madaftari, wanatafuta kiti na taa ili wajiandae na mtihani wa taifa. Vitabu vya maktaba hawavigusi. Katika vikao vingi lawama hutupiwa simu. Mimi naamini kwamba tunawapoteza vijana hawa kwa sababu hatukuwaandalia chochote.

Kwa watoto wadogo kazi inafahamika. Saa nne asubuhi mkeka unatandikwa, msimulizi anaita "Paukwa!" na watoto wote wanaitikia "Pakawa!" hata wasomaji wa ukumbi wa pili wanageuka. Kwa kuwa mara nyingi tuna nakala moja tu ya kitabu, msomaji hukigeuza kiwatazame watoto ili waone picha, na kwa hiyo lazima awe amekisoma nyumbani mara kadhaa, kwa maana huwezi kusoma vizuri maandishi unayoyatazama kwa ubavu. Baada ya hadithi kila mtoto huchagua kitabu chake na kukaa nacho nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko yote, kwa sababu hapo mtoto anaamua mwenyewe asome nini, aache nini na arudie nini, jambo ambalo shuleni halipati.

Sheria iliyounda bodi ya maktaba nchini mwetu ni ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Ilani ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, kuhusu maktaba za umma, katika toleo lake la mwaka 1994, inataja kwanza kabisa jukumu la kujenga mazoea ya kusoma kwa watoto tangu wakiwa wadogo. Jukumu hilo tunalinukuu sana, na ni haki tulinukuu. Lakini IFLA hiyohiyo, katika miongozo yake ya mwaka 2018 ya huduma za maktaba kwa watoto, inahesabu kuanzia mtoto mchanga mpaka kijana wa miaka 18. Sisi tunaishia darasa la saba, kana kwamba mazoea yakishajengwa hayahitaji tena kulishwa.

Tena tunaishia pale ambapo kijana anatuhitaji zaidi. Katika shule za serikali mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa msomaji hodari hujikuta anahangaika na kila ukurasa wa kitabu cha baiolojia, na kusoma, jambo lililokuwa raha yake, kunageuka mzigo ndani ya miezi michache. Nimewaona wasichana na wavulana werevu wakiamini kabisa kwamba wameacha kupenda vitabu, ilhali kilichobadilika ni lugha ya vitabu walivyopewa. Maktaba ya umma haifungwi na mtaala. Inaweza kumwekea kijana huyu riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiswahili mezani, na pembeni yake vitabu vyepesi vya Kiingereza ambavyo hakuna atakayemtahini.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni ukimya. Kona ya watoto imemzidi umri na viti vyake havimtoshi. Ukumbi wa watu wazima unamtaka asikohoe. Kijana wa miaka 14 akishapenda kitabu anataka kukizungumza, kukipinga, kucheka na mwenzake. Tukimwonya mara mbili, hatarudi mara ya tatu. Wanaojisomea sheria au uhasibu nao wana haki ya utulivu, sikatai, na ndiyo maana kipindi cha vijana kinahitaji saa yake na mahali pake, hata kama ni baraza la nyuma lenye meza moja.

Tulijifunza hili kwa bahati. Msichana wa kidato cha pili alikuwa akimleta mdogo wake kila Jumamosi na kumsubiri mlangoni. Siku moja msimulizi wetu aliugua, nikamwomba asome yeye. Alisoma kwa aibu kurasa mbili za mwanzo, kisha akaanza kuigiza sauti ya fisi, na watoto wakajisogeza mpaka miguuni pake. Wiki iliyofuata alikuja na marafiki watatu. Tangu hapo vijana ndio wanaochagua hadithi, wanaofanya mazoezi ya kuisoma, na wanaorudisha vitabu rafuni kwa namba za Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa mada; rafu ya 398.2, yenye hadithi za jadi, wameibandika jina la Mtaa wa Sungura. Kijana anayejiandaa kuwasomea wadogo husoma vitabu vitano ili achague kimoja, na hakuna anayemwita mtoto kwa kukaa na vitabu vya watoto, maana ni kazi aliyokabidhiwa.

Yapo mambo madogo yanayoweza kuua kipindi kizuri. Saa isigongane na madrasa wala tuisheni, na wasichana wafike nyumbani kabla ya magharibi. Fomu ya uanachama inayodai mdhamini humfungia nje mtoto ambaye wazazi wake hawana nafasi ya kuja kusaini, kwa hiyo afadhali mkutubi amtembelee mwalimu wake shuleni. Nimewahi pia kukuta vitabu vipya vya watoto vimefungiwa kabatini visichakae. Kitabu cha watoto kilichochanika jalada kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilichobaki kinang'aa baada ya miaka mitano kimetugharimu bure.

Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk limekarabati matawi ya maktaba ya Kaloleni na Makadara, na hilo linanipa moyo. Lakini sitaki tungoje ukarabati. Januari inakaribia, na safari hii nimeomba meza ya barazani, saa nane hadi saa kumi kila Jumamosi, pamoja na orodha ya watoto wetu wote waliomaliza darasa la saba, ili kila mmoja apelekewe barua ya kumwalika, iliyoandikwa na kijana aliyemtangulia.