Wachangiaji wa Broken Age hawakupigwa

Mwandishi, kwenye makala yako, hapo unaposema mashabiki waliochangia gemu la Broken Age mwaka 2012 walipigwa, yaani walitapeliwa, nakukatalia. Tim Schafer na kampuni yake ya magemu, Double Fine, waliomba dola 400,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela, wakapewa zaidi ya milioni 3.3 na watu zaidi ya 87,000. Hela ziliwachanganya, sibishi: gemu likatanuka hadi ikabidi litoke nusunusu, Januari 2014 na Aprili 2015. Lakini lilitoka! Na waliochangia walionyeshwa kwa video kazi inavyokwenda, hata pale bajeti ilipobana. Kampuni gani kubwa inakufungulia mlango hivyo?

Walionikosha zaidi ni watengenezaji magemu Ron Gilbert na Gary Winnick, na Thimbleweed Park yao ya 2017, gemu la kupeleleza mauaji, nalo la michango. Mle ndani kuna kitabu cha namba za simu chenye majina ya wachangiaji. Ukipiga namba unasikia ujumbe ambao mchangiaji mwenyewe kaurekodi. Nilipoteza jioni nzima nikiwapigia watu nisiowajua, kesi ya mauaji imelala pale inanisubiri. Sisi tunachangia harusi kila mwezi, tunaambulia pilau na soda ya moto, na hakuna anayeandika makala kwamba tumepigwa.