Mvua ikinyesha Spa, waache wangoje

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi hatuna habari ya mvua. Usiku tunavaa makoti, alfajiri vidole vinakufa ganzi kwenye usukani, na mchana vumbi jekundu linatua mpaka juu ya bukari, ugali wetu. Lakini mimi tangu wiki iliyopita naangalia mawingu kila siku, mawingu ya Ubelgiji. Wikendi ya tarehe 17 mpaka 19, mbio za magari za Formula 1 ziko kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps, na kwa Spa mtu haulizi kwanza nani ana motoka ya mbio zaidi. Anauliza kama itanyesha.

Majira haya saa zetu na za Wabelgiji ni zile zile. Jumapili magari yakijipanga saa tisa alasiri kwenye misitu ya Ardennes, ni saa tisa hapa Katuba pia. Tutakuwa kwa yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, kama kila mwaka, na kabla hatujakaa nataka kusema jambo ambalo mwaka jana lilitugombanisha.

Tarehe 27 mwezi wa saba mwaka jana mvua ilishuka, mbio zikacheleweshwa kwa dakika 80. Dakika 80 tunatazama miavuli na magari yaliyosimama. Yaya alikasirika. "Motoka za mamilioni, tairi za mvua wanazo, na bado wanaogopa maji!" Nusu ya chumba ilimuunga mkono. Hata dereva Max Verstappen alisema baadaye kwamba wangeanza mapema zaidi. Oscar Piastri akashinda, tukala, tukaagana, lakini yale maneno yalinikaa moyoni. Mimi nasema walifanya vizuri kungoja. Mwaka huu ikinyesha tena, waache wangoje hata saa mbili.

Niliyajua haya kabla sijaanza kufuata mbio. Nilikuwa na miaka 19, usukani mikononi mwangu, papa, baba yangu, kando, tunakwenda shambani upande wa Kasenga. Mbele yetu kulikuwa na lori la makaa, magunia yamepangwa mpaka juu, na nyuma yake vumbi kama ukuta. Nikaona nafasi ya kulipita. Nikaingia ndani ya lile vumbi na mara ile ile sikuona kitu. Si lori, si majani ya kando, hata boneti ya motoka yetu haikuonekana. Papa hakupiga kelele. Alisema, "Toa mguu. Rudi upande wako. Simama." Nikasimama kwenye majani. Vumbi likawa linashuka polepole kwenye kioo, laini kama unga, na kabla halijaisha kushuka lori jingine likapita likitoka upande wa pili, bila taa, mahali pale pale nilipotaka kuwa. Tulikaa kimya mpaka njia ikaonekana yote.

Sasa, maji ya Spa ni lile vumbi. Watu wanafikiri hatari ya mvua ni utelezi, na kuhusu utelezi madereva hawa wanajua kazi yao. Shida ni macho. Tairi ya mvua kali imechongwa ili ichote maji chini na kuyarusha. Pirelli, wanaozitengeneza, wamewahi kutaja lita 85 kwa sekunde, motoka ikienda kilomita 300 kwa saa. Yale maji lazima yaende mahali. Yanapanda hewani na kuning'inia kati ya miti, na dereva wa kumi anaingia mle ndani kwa kasi ile ile, akiongozwa na taa moja nyekundu ya aliye mbele, kama anaiona. Kwa hiyo tairi ikiwa bora zaidi ndivyo aliye nyuma anavyozidi kuwa kipofu. Yaya anataja tairi za mvua kama jibu, na mimi naona ni nusu ya tatizo.

Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka 2023, Dilano van 't Hoff, kijana Mholanzi wa miaka 18, alikufa Spa katika mbio za vijana, baada tu ya kupanda kilima cha Raidillon. Mvua kubwa, ukungu wa maji, gari lake likasimama njiani na mwenzake hakumwona. Miaka kumi na minane. Hao waliochelewesha mbio mwaka jana walikuwa wanamkumbuka, na ningeshangaa kama wasingemkumbuka.

Mahali penyewe panazidisha mambo. Spa ilichorwa mwaka 1920 kwa kuunganisha barabara za kawaida za watu, kutoka Francorchamps kwenda Malmedy na Stavelot, karibu kilomita 15. Leo imebaki kilomita 7 na mita 4, bado ndefu kuliko nyingine zote za Formula 1, na kati ya sehemu ya juu na ya chini kuna tofauti ya mita mia moja hivi. Ndiyo maana inaweza kunyesha Stavelot huku La Source, kona ya kwanza, ni kukavu. Chini kabisa ya mteremko wa kwanza kinapita kijito cha Eau Rouge, Maji Mekundu, jina lililotoka kwenye chuma kilichomo ndani yake. Wengi huita kilima chote Eau Rouge, kumbe Eau Rouge ni ile kona ya kushoto pale bondeni tu; ule mpando wenyewe ni Raidillon. Kila nikiona lile bonde nakumbuka udongo wetu.

Ile njia ya zamani ilikuwa na miti, nguzo na nyumba za wakulima pembezoni. Mwaka 1966 mbio zilianza kukiwa kukavu, mvua ikawakuta katikati ya mzunguko wa kwanza, na kabla haujaisha karibu nusu ya magari yalikuwa yametoka. Dereva Jackie Stewart aliruka nje karibu na sehemu iitwayo Masta. Usukani ulimbana, mafuta ya gari yakimwagika juu ya mwili wake, na hapakuwa na mtu wa uokoaji wala kifaa. Madereva wenzake Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wameteleza pale pale, ndio waliomtoa, kwa spana ya kuazima kwa mtazamaji. Ilichukua kama dakika 25. Tangu siku ile Stewart akawa anabandika spana ndani ya gari lake, na akaanza kudai mikanda, madaktari na vizuizi, mpaka wengine wakamwita mwoga. Ni neno lile lile nililolisikia sebuleni kwa yaya.

Papa yeye alimpenda Jacky Ickx, Mbelgiji aliyeogopwa na wote ikinyesha. Ushindi wake wa kwanza wa Formula 1 aliupata mwaka 1968 huko Rouen, Ufaransa, kwenye maji. Papa alikuwa anasimulia ule ushindi kwa furaha, halafu anapunguza sauti, kwa sababu siku ile ile, mbio zile zile, Jo Schlesser aliungua hadi kufa ndani ya gari lake. Hakuwahi kutusimulia kimoja akaacha kingine.

Kuna kungoja kubaya pia, nakubali. Mwaka 2021 watu walilowa kwa masaa Spa, mwishowe magari yakatembea mizunguko michache nyuma ya gari la usalama linalowaongoza polepole, wakatoa nusu ya pointi na kumtangaza Verstappen mshindi. Ile haikuwa mbio. Wangesema wazi, "Leo imeshindikana," na kuwarudishia watu pesa zao za tiketi. Kosa lilikuwa kujifanya wamekimbia, kusimama kulikuwa sahihi.

Ikiwa kukavu, bado kuna mengi ya kutazama. Magari ya mwaka huu ni mapya: membamba zaidi, mepesi zaidi, na karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme, kilowati 350. Spa ina sehemu ndefu za kukanyaga mafuta na breki chache za kurudishia betri nguvu, kwa hiyo nitaangalia sana mwisho wa Kemmel, ile njia ndefu iliyonyooka baada ya Raidillon, nani ameishiwa na nani ameweka akiba. Na sisi wa Katanga tuna haki ya kufurahi kidogo: mota ya umeme haizunguki bila nyaya za shaba, na shaba tunaichimba sisi.

Kinachoniuma ni mkataba. Spa imehakikishiwa mwaka huu wa 2026, kisha 2027, 2029 na 2031. 2028 na 2030 hakuna. Uwanja ulioanza kuandaa Grand Prix mwaka 1925, ambapo Jim Clark alishinda mara nne mfululizo na Michael Schumacher akapata ushindi wake wa kwanza, unapewa zamu kama mgeni. Naelewa kwamba wengine wanalipa zaidi. Sikubali.

Jumamosi nitapita kwa yaya kuweka mafuta kwenye jenereta, maana umeme wa mtaa wao siuamini saa tisa. Nimemwomba chakula kiive mapema, tule saa nane. Amecheka, akaniuliza kama nimeshaona utabiri. Nimeuona: mawingu. Nimemwambia anunue karanga nyingi na viti asivikunje.