Masinki kabla ya orofa

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, shule ya uuguzi ya chuo kikuu ikipata fedha za kujenga, ubishi huwa ule ule: ziongezwe kumbi za masomo, au kijengwe chumba cha mazoezi chenye vitanda, masinki na manekeni, yaani sanamu za mtu za kufanyia mazoezi? Mara nyingi kumbi ndizo hushinda. Wanaozitetea nawaelewa. Shule zetu zinaishi kwa ada za wanafunzi, na ukumbi wa watu mia mbili unalipa mishahara. Chumba cha vitanda sita hakilipi. Tena wanasema muuguzi hufunzwa na mgonjwa: mpeleke mapema staji, yaani mazoezi ya hospitalini, atajua kazi. Manekeni haina homa wala woga, na umeme ukikatika, hata ile ya bei ghali hubaki mdoli.

Kuhusu umeme sina ubishi. Lakini huyo mgonjwa tunayemwita mwalimu ndiye anayechomwa mara tatu kabla mshipa haujapatikana. Mama aliyemshikilia mtoto wake mkono hajui kama kijana aliyeinama mbele yake anachoma kwa mara ya kwanza, na hakuna wa kumwambia. Chumba cha mazoezi kipo ili kosa la kwanza litokee pasipo mtu wa kulia.

Wala si lazima kiwe cha gharama. Nimewaona wanafunzi wakichoma sindano kwenye chungwa na kwenye sifongo iliyoshonewa kitambaa, wakirudia mpaka kidole gumba kikajua kiasi cha kusukuma. Walifanya vizuri. Kilichowakwamisha ni maji. Pembeni palikuwa na bidoni ya njano na kikombe cha plastiki: mmoja anamimina, mwenzake ananawa, wengine wamepanga mstari.

Hapo hesabu inaniuma. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Darasa la watu 60 lenye bomba moja, kila mmoja akinawa mara moja tu ipasavyo, linaweza kumaliza saa nzima kabla yeyote hajagusa kitanda. Mwalimu afanyeje? Anaonyesha mbele ya ubao, wao wananakili hatua daftarini, na siku ya mtihani watazitaja zote bila kukosea. Kisha wataingia wodini na mikono ambayo haijawahi kunawa hivyo hata mara moja. Weka masinki 10 ukutani, dakika 10 zinatosha darasa zima.

Na sisi tunaishi wapi? Kipindupindu hakijatuhama. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 iliua watu 2,287 hadi ilipokwisha Juni 2020, na katikati yake ilifika Mwenga, mkoani kwetu Kivu Kusini. Baadaye Kamituga, mji wa mkoa huu huu, ikajulikana duniani kwa aina mpya ya mpox, homa ya nyani. Kuvua glavu bila ngozi kugusa upande mchafu hakufundishwi kwa maneno.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014, katika shule 10 za uuguzi, ulionyesha kwamba hata nusu ya muda wa staji ulipobadilishwa kwa mazoezi ya kuigiza chumbani, wahitimu hawakuwa dhaifu kuliko wenzao. Sisemi tukate nusu ya staji zetu. Kule walikuwa na walimu waliofunzwa kazi hiyo hasa. Huku nimeona chumba kimefungwa, manekeni bado ndani ya nailoni, na mwenye ufunguo amesafiri. Kama chumba kitakuwa cha namna hiyo, ni afadhali fedha zilipe wasimamizi wa staji, na hapo wapinzani wangu wana haki.

Ila masinki hayahitaji ufunguo wa mkuu. Mvua Bukavu hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na kila jengo lina paa. Anayechora orofa mpya na aanze na mifereji, tangi na mabomba ya chumba cha chini. Zege la juu litamwagwa baada ya maji kutoka.