Babu alijua, jirani ameandika

Dada yangu alipokuwa akihamisha vitu kwenye nyumba ya marehemu babu pale Makorora, Tanga, alinitumia picha ya ganda la risasi. Ganda refu, shaba yake imegeuka nyeusi kwa uzee, mdomo umezibwa kwa kipande cha gunzi. Babu aliliwekea tumbaku yake ya kunusa. Nikamwambia asilitupe, aligeuze anipigie picha ya kitako. Pameandikwa KYNOCH, na karibu yake 404.

Mimi ni dereva wa basi Birmingham, mwaka wa 19 huu. Kynoch kilikuwa kiwanda cha risasi pale Witton, na Witton napita na basi langu. Siku ile niliyoiona picha nilipaangalia pale kwa jicho jingine. Kitu kilitoka hapa, kikavuka bahari mpaka Tanganyika, kikaingia mkononi mwa babu yangu.

Babu alikuwa askari wa wanyamapori, hao ambao watu wa Handeni na Pangani waliwaita Bwana Nyama. Tembo wakiingia kwenye mahindi, anaitwa yeye. Alipewa risasi kwa kuhesabiwa na kurudisha maganda kwa kuhesabiwa, na jinsi hilo moja lilivyobaki nyumbani hakuna aliyetueleza. Bunduki za kaliba hiyo ya 404, yaani ukubwa wa risasi yake, zilitolewa na kampuni ya Jeffery ya London mwanzoni mwa karne ya 20, na idara za wanyama za Tanganyika na Kenya zikawapa askari wao kwa sababu zilikuwa na nguvu ya kumwangusha tembo bila bei ya bunduki za kifahari za mitutu miwili. Kichwa cha risasi yake kina uzito wa karibu gramu 26. Halafu Kynoch wakaacha kutengeneza risasi kubwa za namna hiyo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 bunduki nyingi nzima zikanyamaza. Hazikuvunjika. Zilikosa chakula.

Jirani yangu hapa, mzee aliyepita miaka 75, anayo bunduki kama ya babu, naye huilisha mwenyewe. Ana banda nyuma ya nyumba, na humo hujaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Nimekaa naye jioni nyingi. Kwanza hulisafisha ganda na kulikagua kwa kioo cha kukuzia, akitafuta ufa mwembamba karibu na kitako. Hulirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, akalipima urefu, akalipunguza likiwa limerefuka kupita kiasi. Huweka fataki mpya, kile kiwashio kidogo cha kitakoni, kisha baruti, kisha kichwa. Baruti huipima kwa mizani ya kipimo kiitwacho greni, ambazo 7,000 ndizo ratili moja, na yeye anahangaika na sehemu ya kumi ya greni moja. Ikizidi hata kidogo anaimwaga na kuanza tena.

Alinifundisha pia kwamba jina la kaliba linaweza kukudanganya. Bunduki inaitwa .404, kana kwamba ni inchi 0.404, lakini kichwa cha risasi yake kina kipenyo cha inchi 0.423. Na risasi za zamani zilijazwa kodaiti, baruti ya nyuzinyuzi kama tambi, ambayo kipimo chake huwezi kukihamishia kwenye baruti ya leo. Anayekisia hupasua bunduki usoni mwake.

Kwa hiyo hakisii. Ana daftari. Kila fungu la risasi lina tarehe, baruti gani, uzito gani, ganda limejazwa mara ya ngapi, hali ya hewa ilikuwaje siku ya kulenga shabaha, risasi zilipiga wapi. Madaftari kumi na moja, la kwanza ameliandika akiwa kijana. Mashine anazo wengi, mizani inanunuliwa. Mimi nilichokionea wivu kwenye lile banda ni madaftari.

Wenzangu wa huku hupenda kusema Mzungu anaachiwa afanye atakalo, kwetu kila kitu marufuku. Si kweli. Polisi huja kwa jirani kukagua kabati la bunduki. Cheti chake kinataja idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Hauziwi fataki bila kuonyesha cheti, na kwa baruti nyeusi anahitaji kibali kingine tena. Na kwetu, nchi iliyokuwa na tembo zaidi ya laki moja mwaka 2009 ikabaki na takriban 43,000 mwaka 2014, sitaki kuona maganda yakijazwa vyumbani Handeni. Serikali ikaze hapo hapo ilipokaza. Hilo nalisema kama mjukuu wa Bwana Nyama.

Ninachotaka ni kingine. Siku moja jirani alinionyesha bunduki yake ya pili, Mauser ya 1871, ile ya baruti nyeusi. Akaniambia ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa Mjerumani kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914. Kila wakipiga, moshi mzito unawatangaza walipo. Akaniuliza watu wa Tanga wanakumbuka nini kuhusu huo moshi. Nimezaliwa Bombo, nimecheza mpira nikiyapita makaburi ya vita hivyo, na sikuwa na jibu. Nilijua habari ya nyuki waliowashambulia askari, kama kila mtoto wa Tanga. Yeye alijua kwamba Waingereza waliposhindwa na kurudi melini waliacha bunduki 455 na risasi laki sita. Anajua kwa sababu kuna mtu alihesabu, akaandika. Wale askari wetu waliokuwa nyuma ya moshi wenyewe, waliofunga na kufungua bunduki hizo kila siku, walijua mengi kuliko hesabu hiyo, na wamekwenda nayo.

Tanga haina uhaba wa watu wanaojua. Nikiwa mdogo, Ngamiani alikuwapo fundi aliyetengeneza cherehani, saa, taa za karabai, na bunduki za wenye vibali zikikwama. Alikuwa anashika chuma na kukwambia kinaumwa wapi. Na hakuwa peke yake hata siku moja: vijana wanne watano wamemzunguka, mmoja anashika tupa, mwingine anachemsha chai, wote wanajifunza bila kuambiwa wanafunzwa. Huku, jirani yangu hana hata mmoja. Mwanawe yuko Leeds, hana haja na banda. Wajukuu huja Krismasi. Mzee ana madaftari kumi na moja na hana wa kumwachia, na hilo linaniuma zaidi ya ninavyoweza kumwambia. Fundi wetu alikuwa na warithi tele na hakuacha hata karatasi moja. Alipofariki, kila kijana alibaki na kipande chake, wengine wakaenda bodaboda, na kilichokuwa kizima hakikuonekana tena.

Wazee waliokuwa Bwana Nyama wamebaki wachache. Wako Pangani, wako Korogwe, wako Mkata pale barabarani, wengine hawaoni vizuri tena. Mwenye mjomba au babu wa namna hiyo akakae naye wiki hii, si Idi ijayo. Asimuulize habari za ujasiri. Amuulize alibeba risasi ngapi, alizikinga vipi na unyevu wa masika, alijuaje kwamba hii nzuri na hii imeharibika.

Mimi nimeanza kumpigia simu baba mdogo kila Jumapili. Juzi akaniambia, "Andika hivi, mwanangu: babu yako hakutoka nyumbani kabla hajapitisha kila risasi ndani ya bunduki na kuitoa, moja moja. Ikigoma kuingia, anaiweka pembeni, haendi nayo porini."

Jioni nikalipeleka neno hilo bandani. Jirani alicheka kwa furaha, kwa maana na yeye hufanya hivyo hivyo kwa kila risasi aliyoijaza, na hakufundishwa na mtu. Akaniuliza babu yangu aliitwa nani, nikamtajia herufi kwa herufi. Akafungua daftari la kumi na moja, akaandika tarehe, akaandika jina.