Wavu wa Guka hautaning'inia ukutani

Nyumbani kwetu Nyeri kuna wavu wa mkono, wa kuopolea samaki aliyenaswa kwa ndoano, ambao umekaa nyuma ya mlango tangu kabla sijazaliwa. Mpini wake ni wa mwanzi, kiungo ni cha shaba, na duara ni ufito mwembamba wa mti wa ashi uliokunjwa kwa mvuke. Babu yangu, tuliyemwita Guka, aliubeba miaka mingi kando ya mto Gura na Chania akiwafuata Wazungu waliokuja kuvua trauti, samaki ambaye mlowezi Ewart Grogan alimleta Gura kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905. Wao walishika fimbo za kuvulia, Guka akashika wavu. Mwajiri wake alipoondoka nchini baada ya uhuru, alimwachia.

Kwa hiyo nikiwasikia wakusanyaji wa nyavu kuukuu za kuopolea samaki, wengi wao wa Uingereza na Marekani, siwashangai. Huyu anatafuta muhuri wa Hardy wa Alnwick, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya uvuvi iliyoanza 1872. Yule hugeuza mpini kutazama kama ni kazi ya Ed Cumings, mtengenezaji wa nyavu wa Flint, Michigan. Wanaijua mbao kwa harufu na shaba kwa rangi yake, na wanaweza kukaa jioni nzima wakiusugua mpini mmoja kwa mafuta.

Wavu ninaouhusudu mimi, hata hivyo, ni tamo wa Kijapani. Fundi huingia msituni kutafuta mti uitwao kaya (jina tu limegongana na misitu mitakatifu ya Wamijikenda), akachagua tawi lenye vijitawi viwili vilivyochipua pande mbili, kimoja kikikabili kingine. Vijitawi hukunjwa, ncha zikaunganishwa zikawa duara, na tawi lenyewe likawa mpini. Kisha hukaushwa, hupakwa laka, na mfuko hufumwa kwa mkono. Huoni skrubu. Ukiushika unahisi umeshika mti ulioamua wenyewe kuwa wavu.

Ninapoachana na wakusanyaji ni kwenye mfuko. Wengi wanautaka ule ule wa pamba, wenye mafundo, uliotoka nao kiwandani, na anayeubadilisha huambiwa ameua thamani ya wavu. Lakini mafundo hayo humkwangua samaki ute unaomkinga na maradhi, na humchana mapezi. Ndiyo maana kanuni za uvuvi wa fimbo Uingereza zinakataza kabisa wavu wa kuopolea wenye mafundo au wa nyuzi za chuma. Zama za Guka jambo hili halikuwa na uzito, kwani trauti aliyeopolewa alikwenda jikoni. Sisi wengi leo tunamrudisha mtoni. Kumrudisha samaki ambaye tayari tumemchuna ni kumpeleka akafie mbali na macho yetu, na mimi siwezi kuuita huo upendo wa uvuvi.

Tena huo mfuko wa asili ni upi? Pamba huoza. Guka mwenyewe aliubadilisha mara mbili, akiufuma usiku kwa uzi aliounga kutoka nyavu nyingine, na ukiuangalia ufito utaona matundu aliyoyatoboa upya kwa msumari wa moto. Watu wa kazi hawakuona ajabu yoyote. Mfuko ulikuwa kama soli ya kiatu.

Alichokijali ni mkono. Alitufundisha tukiwa wadogo, kwa beseni na kipande cha ndizi: usimkimbize samaki kwa wavu. Uzamishe, tulia kama jiwe, mwenye fimbo amlete juu yake, kichwa kwanza, kisha inua. Ukimwendea kwa pupa ataona kivuli, atachomoka na kukata mshipi, na lawama zitakuwa zako wewe mwenye wavu. Picha walipiga wenye fimbo. Ninazo mbili, na katika zote Guka hayumo, ila wavu wake unaonekana umelala kwenye nyasi.

Hilo ndilo linaloniuma ninaposoma matangazo ya minada ya nyavu kuukuu. Mtengenezaji ana muhuri, mmiliki ana picha, aliyesimama majini hadi kiunoni hana hata herufi.

Basi mwaka huu nimeamua. Mfuko wa mwisho wa Guka nimeufua kwa maji baridi, nikaukausha kivulini na kuuhifadhi ndani ya karatasi. Mahali pake nimefunga mfuko laini wa mpira, na mara mbili sasa umeingia Chania na kutoa trauti waliorudi majini wakiwa wazima. Wavu wetu hauna muhuri wa kiwanda. Juu kidogo ya kiungo cha shaba, mahali ambapo muhuri ungekuwa, nimechoma jina la Guka kwa msumari wa moto, kama alivyotoboa yale matundu.