Soma Vipande vya Wenzako, Hata Visivyokutaja

Kuna siku, katika mchezo wa mtandaoni ambamo kila mwandishi ana mhusika wake na tunaandika hadithi moja kwa zamu, kipande kwa kipande, nilimwandika mhusika wangu, tabibu, akiingia nyumbani kwa nahodha na kuushika mkono wake wa kulia kumsalimu. Nahodha hakuwa na mkono wa kulia. Alikuwa ameupoteza vipande vitatu nyuma, katika aya ambazo mwandishi wake alizitolea jasho, nami nikaziruka kwa kuwa sikuona jina la tabibu wangu humo.

Msimamizi wa mchezo alinirekebisha kwa upole, nikabadilisha sentensi, tukaendelea. Lakini mwenzangu yule hakuandika tena kwa moyo uleule. Vipande vyake vilifupika vikawa mistari miwili, baadaye mmoja, kisha kimya. Hakunilaumu. Bado linaniuma.

Ndiyo maana nikisikia waandishi wa michezo hii ya mtandaoni wakiulizana kama ni lazima kusoma kila mtu, sisiti. Wale mlio nao katika onyesho moja, soma kila neno kabla ya kuandika lako. Waliobaki, soma kadiri muda unavyokuruhusu, na uwe mkarimu wa muda huo.

Wapo wanaokataa kwa hoja nzito: mhusika wangu yuko mlimani, hajui ya bandarini, na mimi nikiyajua nitamvujishia. Hofu hiyo naielewa, maana nimeona wahusika wanaobahatisha siri za wengine kila mara. Ila kujifumba macho si dawa. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa kusimuliana, ilipotoka mwaka 1974, wachezaji walikaa meza moja, na aliyetengana na kundi aliongea wenzake wote wakisikia. Waliaminiwa kutenganisha wanachojua wao na anachojua mhusika. Ilikuja kuwa tofauti kwenye MUD, mchezo wa kompyuta wa maandishi uliochezwa na watu wengi pamoja, ambayo Roy Trubshaw alianza kuiunda mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Richard Bartle akaiendeleza: humo programu ilikusimulia hasa yaliyomo katika chumba alichosimama mhusika wako. Sisi tunaoandika kwa zamu hatuna kuta hizo. Tumerudi mezani, na mezani watu husikilizana.

Tena, anayejua ndiye anayeweza kumpotosha mhusika wake kwa makusudi. Niliposoma kwamba msichana fulani ndiye aliyetia sumu kisimani, nilimfanya tabibu wangu amhurumie, amlaze kwake, na asubuhi amkabidhi ufunguo wa ghala la dawa. Tabibu hakujua lolote. Mimi nilijua, na nilikuwa nampa mwandishi wa msichana yule mlango wa kuingilia. Aliuingia kwa kurasa nne! Nisingesoma, tabibu angemtibu kikohozi na kumuaga.

Mchezo ukiwa na wahusika arobaini, sawa, haiwezekani. Watu wana kazi na watoto. Hapo muhtasari wa msimamizi unatosha kwa matukio ya mbali, na mwandishi anayejaza aya sita za mvua na kumbukumbu kabla mhusika wake hajainuka kitini naye awahurumie wasomaji, tendo aliweke panapoonekana.

Siku hizi, kabla ya zamu yangu, narudi pale nilipoishia kusoma na kuanzia hapo. Nikikutana na mstari ulionishika, namwambia mwenyewe. Juzi ilikuwa sentensi kuhusu mzee anayekunja upya nguo za marehemu mkewe kila Ijumaa. Tabibu wangu hajawahi kukutana na mzee huyo, na sidhani kama watakutana. Mwandishi wake alinijibu usiku uleule: alikuwa amepanga kumwondoa mzee mchezoni wiki hii, sasa ameandika kipande kingine.