Mheshimiwa, ulisema Ndiyo au La?

Jumamosi iliyopita tulimzika mzee wa jirani. Mbunge wetu, hapa Kenya, alifika amechelewa kama desturi, magari matatu, vumbi likatua kwenye sufuria za pilau. Akapewa kipaza sauti kabla hata familia haijamaliza kusoma wasifu wa marehemu. Akahesabu: madarasa mawili, transfoma moja, basari za karo za wanafunzi. Halafu akamalizia, "Na kule Bungeni ninawatetea."

Mimi na mdomo wangu nikamfuata hadi kwenye gari. "Shikamoo, Mheshimiwa. Tangu mwaka uanze, umepiga kura ya Ndiyo wapi na ya La wapi?"

Alinicheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto aliyeuliza jua hulala wapi. "Kijana wangu, kazi ya mbunge siku hizi iko kwenye kamati." Mlango ukafungwa, kioo kikapanda.

Basi nikarudi nyumbani, nikanunua bando, nikafungua Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni. Usiku mzima. Jina lake nimelipata: ametoa rambirambi, ameunga mkono hoja ya mwenzake kwa sentensi nne, na amesimama kukaribisha wanafunzi waliokuja kutembelea Bunge. Aliwatakia safari njema. Kura? Sikupata kitu. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka, kwa sababu niligundua si lazima awe ameificha. Huenda haikuandikwa kabisa.

Tunajua inavyokwenda. Spika anauliza, upande mmoja unapaza sauti Ndiyo, mwingine La, sikio la Spika linaamua, "waliosema Ndiyo wameshinda," twende mbele. Hakuna jina. Ili majina yaandikwe lazima mtu adai kura ihesabiwe na wenzake 30 wasimame kumuunga mkono. Au iwe ni jambo ambalo Katiba yenyewe inataka idadi maalum. Mengine yote ni koo tu. Na kwa kuwa kifungu cha 121 cha Katiba kinaridhika na wabunge 50 ukumbini kati ya 349, sheria itakayokukata mshahara inaweza kupitishwa na umati mdogo kuliko ule uliokuwa chini ya hema pale mazishini.

Ndiyo maana Juni 2024 ilituuma vile. Kwa mara moja tuliona majina. Mswada wa Fedha, ule wa kodi uliowatoa vijana barabarani kuandamana, ulisomwa mara ya pili tarehe 20: 204 wakakubali, 115 wakakataa. Tarehe 25, kusomwa mara ya tatu: 195 kwa 106. Orodha ilikuwa kwenye simu zetu kabla moshi wa vitoa machozi haujatulia, na vijana wakiuawa barabarani. Siku iliyofuata Rais akakataa kutia sahihi, na ghafla wale waliosema Ndiyo wakawa "walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo". Lakini jumlisha basi: 195 na 106 ni 301. Karibu wabunge hamsini hawamo kwenye Ndiyo wala La, siku nzito kuliko zote za Bunge hili. Oktoba, kumtimua Naibu wa Rais Gachagua, walihesabiwa 281 kwa 44. Kumbe kengele ya kuwaita kupiga kura ikilia vizuri wanaisikia.

Haya, kamati. Nikubali, kwa shingo upande, kwamba Mheshimiwa hakudanganya. Ukumbi mtupu unaouona kwenye runinga si ushahidi wa uvivu peke yake; wengine wako vyumba vya juu wakimhoji katibu wa wizara kuhusu risiti zilizopotea. Kamati ya Fedha ndiyo iliyowasikiliza watu kuhusu ile VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate ndani ya mswada huo, na mkate ukaokolewa. Ila tangazo lilitoka wapi? Ikulu, baada ya kikao cha wabunge wa mrengo wa serikali. Mwananchi atoe maoni kamatini, shukrani zipelekwe Ikulu.

Na kiti cha kamati si chako, ni cha chama. Piga kura vibaya uone. Mwaka 2020 Kimani Ichung'wah aling'olewa uenyekiti wa Kamati ya Bajeti wakati Jubilee, chama tawala cha wakati huo, ilipokuwa ikiwafagia watu wa Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais. Leo ndiye kiongozi wa wengi Bungeni, na sijamsikia akipendekeza fagio litupwe. Sasa mbunge wa viti vya nyuma, asiye na jina wala mjomba, atathubutu? Atasema Ndiyo kwa sauti ya chini ambayo hakuna anayeiandika.

Kumfuta kazi kabla ya uchaguzi tusahau; vifungu vya sheria vya kumrudisha mbunge nyumbani vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017.

Ninachotaka ni kidogo. Kila kura ya mwisho ya kila mswada ipigwe kwa kile kitufe ambacho kodi yetu ilikinunua, na majina yatoke jioni hiyo hiyo. Kila kamati itoe mahudhurio: nani alikaa, nani alitia sahihi akaondoka. Wasiniambie itachukua muda. Muda wa kukaribisha wanafunzi upo.

Lakini hata sisi, jamani. Pale mazishini nilipouliza swali langu, mama mmoja alinivuta shati. "Wewe, utamkasirisha, na fomu za basari hazijatoka." Sikuwa na jibu. Ana watoto wawili sekondari.

Jumatatu nikaandika ujumbe kwa ofisi ya Mheshimiwa, kwa adabu zote, nikaomba rekodi yake ya kura na jina la kamati anayokaa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Ombi lako limepokelewa. Njoo Ijumaa na nakala ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi."

Mimi sina mtoto.